Daftari la Forodha na Ghala la Data

Ghala, kwa mtu aliyekulia mtaa wa Malindi au Darajani huko Unguja, ni chumba cha kuta nene za mawe na chokaa ambamo karafuu, mbata na mapolo ya mchele hulazwa kusubiri chombo au kusubiri bei. Wataalamu wa kompyuta walipotafuta jina la mahali ambapo kumbukumbu za miaka mingi za taasisi huwekwa ili zichunguzwe na kutolewa uamuzi, walichukua neno hilohilo, na ndipo likapatikana ghala la data. Jina hilo linafaa kwa upande mmoja na linapotosha kwa upande mwingine, kwa sababu msikilizaji hudhani kwamba kazi kubwa ni kulimbikiza, hali ya kuwa kulimbikiza ndiyo sehemu nyepesi. Kazi nzito ni kuwafanya watu wa idara mbalimbali wakubaliane neno moja lina maana gani, na kuwafanya wakubali kuzitazama tarakimu zao wenyewe mbele ya wenzao.

Uhusiano baina ya kumbukumbu na uamuzi wa biashara haukuanza Unguja pamoja na kompyuta. Forodhani, bustani ambayo siku hizi hujulikana kwa mishikaki na pweza wa jioni, imepata jina lake kutokana na forodha, yaani mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka. Katika karne ya 19 Seyyid Said bin Sultan, mtawala aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, hakuajiri watumishi wa kukusanya ushuru huo bali aliukodisha: mfanyabiashara alimlipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, akatoza ushuru mwenyewe, na kilichozidi kikawa chake. Kwa miaka mingi ukodishaji huo ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kachchh huko Bara Hindi, na katika miaka ya 1870 ukafika kwa Taria Topan, ambaye jina lake bado linatajwa kila linapotajwa jengo la Zahanati Kongwe katika barabara ya Mizingani. Utaratibu huo ulimpa mtawala uhakika wa fedha na ukamnyima maarifa, kwa kuwa hesabu za kila siku, za jahazi gani limeshusha nini na kwa frasila ngapi, zilikuwa katika daftari la mkodi wa ushuru. Mtawala alijua alicholipwa; mkodi aliijua biashara.

Chombo kinachochukua nafasi ya daftari hilo leo ni hifadhidata, ambayo baadhi ya waandishi huiita kanzidata kutokana na neno kanzi, lenye maana ya hazina. Hifadhidata ni mkusanyiko wa kumbukumbu uliopangwa ndani ya kompyuta kwa namna inayowezesha kila kumbukumbu kutafutwa, kurekebishwa na kuhusishwa na nyingine. Mpangilio unaotumika zaidi ulipendekezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, Marekani, ambaye alishauri kwamba data ziwekwe katika majedwali ya safu na mistari, na majedwali hayo yahusishwe kwa alama zinazofanana ndani yake, kama vile namba ya mteja inayoonekana katika jedwali la wateja na katika jedwali la malipo, ili mwenye kuuliza aulize anachokitaka bila kulazimika kujua kimewekwa wapi ndani ya mashine.

Hifadhidata ya kazi za kila siku hujengwa kwa ajili ya miamala, na muamala ni tendo moja kamili la kibiashara, kama mteja kutoa fedha benki, abiria kukata tiketi ya boti ya Dar es Salaam au mgeni kulipia chumba. Sifa inayotakiwa hapo ni wepesi na usalama: fedha zikitoka, salio lipungue papo hapo, na watu wawili wasiuziwe kiti kimoja. Swali linaloulizwa hifadhidata ya namna hiyo ni fupi na linamhusu mtu mmoja kwa wakati mmoja. Meneja, kwa upande wake, huuliza swali la aina nyingine kabisa, mathalani ikiwa wateja wa vijijini huweka akiba zaidi baada ya mavuno ya karafuu au kabla ya Ramadhani, na kama tabia hiyo imebadilika katika miaka mitano iliyopita. Ili kulijibu, kompyuta inapaswa kupitia mistari mamilioni, na ikifanya hivyo katika mashine ileile inayowahudumia makarani, foleni ya wateja husimama. Zaidi ya hayo, hifadhidata ya kila siku ina tabia ya kusahau, kwani mteja anapohama kutoka Michenzani kwenda Fuoni anwani mpya hufuta ya zamani, na historia ya mahali alipokuwa akiishi hupotea bila mtu yeyote kukusudia.

Upungufu huo ndio uliowafanya Barry Devlin na Paul Murphy, waliokuwa watumishi wa IBM, waandike mwaka 1988 kuhusu haja ya kuwa na ghala la data la biashara lililotengwa na mifumo ya kazi za kila siku, na ndio uliomfanya Mmarekani Bill Inmon atoe kitabu chake juu ya ujenzi wa maghala hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inmon alilieleza ghala la data kwa sifa nne ambazo hadi leo hurudiwa madarasani, nazo ni kwamba data zake hupangwa kwa kufuata mada, kama vile wateja au mauzo, badala ya kufuata idara zilizozitoa. Kwamba zimeunganishwa zikawa na lugha moja. Kwamba hazifutwi zikishaingia. Na kwamba kila moja imefungamanishwa na wakati wake.

Sifa mbili za mwisho huonekana kama mambo madogo ya kitaalamu mpaka zikutane na ramani ya Unguja. Katika sensa ya 2012, ambayo iliihesabu Zanzibar nzima kuwa na watu 1,303,569, kulikuwa na wilaya moja iliyoitwa Magharibi. Katika sensa ya 2022, ambapo idadi ilifika 1,889,773, wilaya hiyo ilikuwa imekwishagawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B. Kampuni inayouza maji au saruji, ikitaka kujua soko la upande huo limekua kwa kiasi gani, haiwezi kuliweka jina moja juu ya jingine na kutoa jibu. Ikibadilisha majina ya zamani ili yafanane na mapya, inaghushi historia. Ikiyaacha yalivyo bila maelezo, ripoti itaonesha wilaya moja iliyotoweka na mbili zilizozaliwa bila wazazi. Ghala lililojengwa vizuri huweka majina yote matatu, kila moja pamoja na tarehe liliyoanza na tarehe liliyokoma kutumika, na pale inapowezekana hushuka hadi kwenye shehia, ambayo ni ngazi ya chini zaidi ya utawala, ili muuliza swali aweze kuijenga upya Magharibi ya zamani kutokana na shehia zake.

Sifa ya pili, ile ya kuunganisha, ndiyo inayokula muda na fedha. Data hutolewa katika mifumo mbalimbali, husafishwa, kisha hupakiwa katika ghala, na ingawa vitabu hutaja hatua hizo tatu kana kwamba zina uzito sawa, aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua kwamba kusafisha ndiko kunakomaliza mwaka. Mzanzibari hujulikana kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na hana jina la ukoo linalolazimika kuandikwa mwisho. Hivyo mtu mmoja anaweza kuwa Khamis Juma Haji katika benki, Hamis Juma katika duka la jumla na K. J. Haji katika orodha ya wenye leseni, na kompyuta, ambayo haina jirani wa kumuuliza, huwahesabu watu watatu. Muuzaji mmoja huandika mchele kwa kilo, mwingine kwa polo, na katika maduka ya mitaani bado wapo wanaopima nafaka kwa pishi. Hoteli hutaja bei kwa dola na hulipa mishahara kwa shilingi, na anayejumlisha fedha hizo bila kuweka kiwango cha kubadilishia cha siku ileile hupata faida au hasara ambayo haikuwahi kuwapo.

Wakati wenyewe pia una lugha mbili. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapozama, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa mashine ya risiti usiku huo ni Alhamisi mpaka saa sita. Muuzaji anayeandika daftari kwa mkono na mashine iliyo mezani pake wanaweza kutofautiana siku nzima kuhusu mauzo yaleyale, na wote wawili wakawa sahihi. Kubwa kuliko hilo ni kalenda ya Hijria, ambayo mwaka wake ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa kalenda ya Miladia. Idi el Fitri iliangukia Aprili mwaka 2024, na mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi, kwa hiyo mfanyabiashara wa nguo wa Darajani anayelinganisha Aprili na Aprili, kama programu nyingi zilizotengenezwa Ulaya na Marekani zinavyomwelekeza, ataona biashara imeanguka na pengine atapunguza oda, ilhali kilichotokea ni sikukuu kusogea. Ghala la data la Unguja lisilo na jedwali la kalenda linaloonesha tarehe za Hijria, misimu ya masika na vuli, likizo za skuli na msimu wa wageni ni ghala lililonunuliwa likiwa tayari kutoka nchi nyingine, na wenye kulitumia watagundua hivyo baada ya kufanya makosa mawili matatu.

Baada ya kusafishwa, data hupangwa mara nyingi kwa umbo linaloitwa nyota, ambalo lilienezwa na Ralph Kimball katika kitabu chake cha mwaka 1996: katikati huwekwa jedwali la matukio yanayohesabika, kama usiku mmoja uliolalwa katika chumba kimoja, na kandokando huwekwa majedwali ya maelezo yanayosema nani, wapi, lini na kwa njia gani. Meneja asiyejua lugha ya kompyuta anaweza kuchagua upande wowote wa nyota hiyo, akatazama usiku uliolalwa kwa mwezi, kisha kwa nchi wanazotoka wageni, kisha kwa Nungwi peke yake.

Mfano wa Zanzibar uliochunguzwa na kuandikwa kwa kina kuliko mingine haukutoka katika biashara bali katika afya, na wafanyabiashara wangefaidika kuusoma. Tangu mwaka 2005 Wizara ya Afya ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norwei, ilianza kuunganisha taarifa za vituo vya afya kwa kutumia programu ya DHIS, ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini baada ya kuondoka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi, na ambayo hutolewa bila malipo. Tatizo lililokuwapo linajulikana katika taasisi nyingi: miradi mbalimbali ilikuwa na mikondo yake ya kukusanya taarifa, na viongozi hawakuziamini takwimu za mfumo wa kitaifa, kwa hiyo hawakuzitumia; na kwa kuwa hazikutumiwa, hakuna aliyeona sababu ya kuzirekebisha, zikaendelea kuwa mbovu na kutoaminika.

Njia iliyochaguliwa kuukata mzunguko huo haikuwa kununua mashine kubwa zaidi wala kusubiri data ziwe safi ndipo zitumike. Kila baada ya miezi mitatu watumishi wa wilaya za Unguja na Pemba walikutanishwa katika warsha, na wilaya moja ikasimama mbele ya nyingine kuonesha tarakimu zake, huku wenzao wakihoji. Katika mkutano wa namna hiyo mtu akionesha kwamba watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ni wengi kuliko waliopata ya kwanza, haihitajiki kompyuta kumwambia kwamba kuna kosa. Mwenzake wa wilaya jirani atamwambia, na atamwambia kwa sauti. Jørn Braa, Arthur Heywood na Sundeep Sahay, walioieleza kazi hiyo mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, walionesha kwamba mfumo ulioanza kwa kuhesabu wagonjwa wa nje wa vituo vya msingi na huduma za wajawazito peke yake ulikua hadi kujumuisha programu zote kubwa za afya pamoja na hospitali za wilaya na za rufaa, na kwamba maoni ya warsha yaliwafikia watengenezaji wa programu wakaiboresha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Zanzibar ilikuwa imewekwa katika utafiti mmoja na Afrika Kusini, Botswana na Sierra Leone ili kulinganisha njia ambazo nchi hizo zilitumia katika kuunganisha mifumo ya afya kwa msingi wa ghala la data.

Jambo linalostahili kukaziwa macho katika kisa hicho ni mpangilio wa hatua zake, kwa kuwa unakwenda kinyume na ushauri unaouzwa na kampuni nyingi za programu. Kwa kawaida mteja huambiwa asafishe kwanza, ajenge pili, atumie mwisho. Hapa matumizi ndiyo yaliyosafisha, maana mtumishi anayejua kwamba Alhamisi ijayo atasimama na jedwali lake mbele ya wenzake huenda mwenyewe kituoni kuuliza kwa nini ripoti ya mwezi haikuja.

Zanzibar pia inatoa mfano mzuri wa tofauti kati ya mfumo wa tukio la leo na ghala la miaka. Mwaka 2008 mpango wa kupambana na malaria ulianza, katika vituo 10, utaratibu wa kutuma idadi ya wagonjwa kila wiki kwa simu ya mkononi, na kuanzia mwaka 2012 ukaongezwa mfumo ulioitwa Coconut Surveillance, ambao humpa ofisa wa wilaya taarifa ya kila mgonjwa aliyethibitika ili aifuate nyumba yake na kuwapima wanaoishi naye. Taarifa hiyo ikichelewa wiki tatu haina faida kwa ofisa huyo, lakini bado ina faida kubwa kwa mtu anayetaka kujua ni shehia zipi ambazo malaria hurudi kila baada ya mvua, kwa sababu yeye hatafuti mgonjwa bali anatafuta mwenendo. Kumbukumbu ni ileile. Kinachotofautiana ni swali, na kila swali lina chombo chake. Taasisi inayolazimisha chombo kimoja kifanye kazi zote mbili huishia na mfumo unaochelewa kwa ofisa na usioeleweka kwa mkurugenzi.

Katika utalii, ambao ndio mhimili wa biashara nyingi za Unguja, ugumu huanzia katika neno "mgeni" lenyewe. Takwimu za serikali huwahesabu wageni wa kimataifa wanapoingia, hoteli huhesabu usiku uliolalwa, mkahawa wa Shangani huhesabu sahani, na mamlaka ya mapato huhesabu risiti. Mtu mmoja aliyekaa siku tisa, akagawanya usiku wake kati ya Mji Mkongwe na Jambiani, ni mgeni mmoja kwa serikali na wageni wawili kwa hoteli mbili zisizojuana. Mwaka 2019 waliingia Zanzibar wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, idadi ikashuka hadi takriban 260,000. Mwaka 2023 ikapita 638,000. Programu ya kubashiri iliyolishwa tarakimu hizo bila maelezo huchukulia anguko la 2020 kuwa ni tabia ya soko inayoweza kujirudia, ikashusha matarajio ya miaka inayofuata, na mwenye hoteli akaajiri watu wachache mno mwezi wa Julai. Anayeliondoa anguko hilo kabisa naye huiambia programu kwamba majanga hayapo. Uamuzi wa kufanya ni wa binadamu, na ghala humsaidia kwa kumwezesha kuona matokeo ya njia zote mbili kabla hajachagua.

Si kila biashara inahitaji chombo hiki. Duka moja la vikoi katika Mtaa wa Gizenga, lenye mauzo yanayoingia katika kurasa chache kwa siku, linatosheka na daftari lililoandikwa kwa uaminifu au na majedwali ya Excel, mradi tarehe, bidhaa, kiasi na bei viandikwe kwa namna ileile kila siku. Ghala la data huanza kuwa na maana pale panapokuwa na mifumo zaidi ya mmoja isiyozungumza, kwa mfano hoteli tatu zenye programu tofauti za mapokezi, za jikoni na za hesabu, na pale panapokuwa na mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha jambo kutokana na anachokiona. Dashibodi zenye rangi, yaani kurasa za kompyuta zinazoonesha hali ya biashara kwa michoro, zimekuwa pambo la ofisi nyingi; ukurasa ambao haujawahi kumfanya mtu apunguze oda, abadilishe bei au ahamishe mfanyakazi una kazi sawa na ya saa ya ukutani iliyosimama. Pia mwenye kukusanya taarifa za watu sasa anafungwa na sheria, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na nakala ya pasipoti ya mgeni haiwezi tena kuwekwa mahali kwa sababu tu nafasi ipo.

Hata hoteli iliyopanga kumbukumbu zake vizuri ina sehemu ya biashara ambayo haiioni. Hoteli ndogo za Paje na Kiwengwa hupata sehemu ya wageni wao kupitia mitandao ya kuweka nafasi ambayo makao yake yako Ulaya, Marekani na Asia, na ambayo hukata kamisheni kwa kila chumba. Hoteli huletewa jina la mgeni, tarehe na fedha zilizobaki baada ya kukatwa. Idadi ya waliotafuta chumba Paje kwa mwezi wa Novemba, bei iliyowafanya waondoke, ufukwe waliouchagua badala yake na siku walizoanza kutafuta, hayo yote yamo katika ghala la mwenye mtandao, ambaye huyatumia kupanga hoteli ipi ionekane juu na ipi ishuke. Mwenye hoteli anajua alicholipwa.